Ngazi Zilizoinama Bondeni

Majina siandiki. Wanaohusika watajijua kwa vyeo vyao, maana vyeo walivipenda kuliko majina waliyopewa na wazazi. Yupo jumbe, yupo mwalimu, yupo na kaka yangu wa tumbo moja. Hao ndio walionitenda. Ukitaka wa nne, yupo Mwingereza mmoja mwenye buti, lakini yeye hakujua kitu, na mtu asiyejua kitu huwezi kumchukia ukashiba.

Kuandika nimejifunza ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, nikiwa na mjukuu mgongoni. Maneno ya kitabuni sina. Ila nalijua jambo moja kwa miguu yangu: kitu unachokikanyaga nacho kinakusukuma, na hakikusukumi unakotaka wewe. Kinakusukuma kule uso wake ulikoelekea. Ukikanyaga palipolala sawa, panakusukuma juu, unasimama. Ukikanyaga palipoinama, panakusukuma kwa kuinama kwake. Jambo hilo lilinivunja nyonga, na kidogo lininyang'anye haki ya kumpokea mwanangu alipotoka jandoni.

Sisi wa uwanda wa Newala tulijaliwa kila kitu isipokuwa maji. Mikorosho inazaa, mihogo inanenepa, lakini mvua ikinyesha mchanga mwekundu unaimeza yote kama mlevi, asubuhi huoni hata dimbwi la kunywea kuku. Maji yako chini, mguuni mwa genge, upande wa Ruvuma. Ndiyo maana watu wa Masasi, wanaokaa kule chini katikati ya majabali yao na kuchimba kisima kama wanaopanda muhogo, walitutania kwamba Mmakonde huoga kwa umande na kujifuta kwa jua. Mwanamke wa uwandani aliondoka jogoo la kwanza, akashuka genge, akasubiri zamu yake kwenye chemchemi, akapanda na mtungi kichwani, akafika nyumbani jua limeshakuwa kali. Kesho tena. Wanaume wao waliyanywa hayo maji. Sijapata kumsikia mwanamume wa zamani zile aliyejua yanaingiaje mtungini.

Njia ya zamani hakuna aliyeichora. Ilizunguka genge zima kama mkufu uliotupwa, na ilichongwa na vidole vya bibi zetu. Mtu anayepanda na mzigo huchimbia vidole mlimani, na vidole vya miaka na miaka vilikuwa vimefanya vishimo, kila kimoja kimeinama kwa ndani, kuelekea mlima. Unatia mguu, unakaa kama yai katika kiota. Hata njia ikiwa imelowa ulikaa, na njia ile ilikuwa haikauki. Hapo ndipo panapotaka akili. Njia ya maji haikauki hata kiangazi. Tuliweka majani juu ya mitungi ili maji yasirukeruke, lakini yalidondoka tu, kidogo ya huyu, kidogo ya yule, na anayepanda nyuma anakanyaga aliyodondosha wa mbele. Wingu hamjaliona tangu mavuno, na njia mbichi. Kila mtoto wa kike alilijua hilo. Jumbe hakuwa mtoto wa kike.

Jumbe wetu alifanya kazi ya barabara kabla ya kupewa ujumbe. Alirudi na koti la kaki, filimbi, na elimu moja: barabara lazima imwage maji. Elimu hiyo aliitumia kwa kila kitu. Uwanja wa nyumba yake ulimwaga maji. Makaburi aliyataka yamwage maji. Nadhani hata kitanda chake kilimwaga maji, wake zake hawakusema tu. Basi kiangazi kimoja akasikia kwamba Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, anapita kukagua vijiji. Akapiga filimbi, akaitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima isiyo na malipo, akawatia wanaume kazini kuchonga ngazi. Ngazi moja kwa moja, toka ukingoni hadi chini, bila kuzunguka, kama uzi wa fundi mwashi. Vishimo vya bibi zetu vikafukiwa. Na kila kidato akakiinamisha kwa nje, kuelekea bondeni, ili mvua ikinyesha maji yateremke yasituame.

Mama yangu alikwenda kutazama. Alikuwa mtu mzima, amezika waume na watoto, hofu ilikuwa imemwisha.

"Jumbe, vidato hivi vimeinama."

"Vimeinama kwa makusudi, mama. Vinamwaga maji."

"Na sisi je?"

"Ninyi si maji."

"Tutamwagika," mama akasema.

Wanaume wakacheka. Kaka yangu, jembe begani, naye alicheka. Nilimwona.

Siku ya Bwana Shauri ilipokaribia, jumbe alipiga marufuku mtu kushuka kuteka. Tulishinda na kiu watoto kwa wakubwa, ili ngazi zikauke. Zikakauka kweli. Yule bwana akaja na buti zenye misumari chini, hana kitu kichwani, mkononi ana fimbo. Akashuka vidato vichache, misumari ikiuma udongo kama meno ya panya, akageuka, akapanda, akasema ngazi ni nzuri sana, na kwamba anataka vijiji vingine viige. Jumbe aliinama mpaka koti likampanda mgongoni. Kesho yake tukarudi na mitungi na nyayo zetu tupu, vidato vikalowa kabla jua halijachomoza, na safari zetu za kuserereka zikaanza. Huyu anapiga goti, yule anakaa chini kwa makalio, mwingine anaacha debe linashuka peke yake linapiga kelele. Tulikuwa tunacheka. Mtu hucheka mpaka siku yake.

Shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mmoja, kijana wa Masasi, wa zile familia zilizoingia kanisani tangu enzi za babu zao, mwenye kola nyeupe na sauti ya kuita mahudhurio. Wanawake tulimpelekea maji kwa zamu, kwa amri ya jumbe. Zamu yangu ilipofika nilitua mtungi barazani kwake nikakaa kupumua.

"Mbona unatweta hivyo, mama?" akaniuliza. "Ngazi si zimefupisha njia?"

"Zimefupisha. Zitafupisha na maisha. Kila ukikanyaga zinakutupa nyuma."

Alicheka, lakini nitampa haki yake, alifikiri. Akaenda ndani akatoka na kibao cha kuandikia cha wanafunzi na kipande cha sabuni. Akaweka sabuni juu ya kibao, kibao kimelala sawa mkononi.

"Sabuni inakikandamiza kibao, na kibao kinaisukuma sabuni. Upande gani?"

"Juu," nikasema.

Akakiinamisha. "Na sasa?"

"Juu."

"Hapana. Hapo ndipo watu wote wanapokosea. Kibao hakijui juu, kinajua uso wake tu. Kinasukuma kama msumari uliopigiliwa wima juu yake. Ukikiinamisha kibao, na msumari unainama."

"Mbona basi sabuni haianguki?"

"Inashikwa na msuguano. Ule ukwaruzo wa kitu na kitu vinapogusana. Huo haukusukumi kutoka usoni, unakwenda sambamba na uso wenyewe, unaizuia sabuni isishuke." Akachovya vidole mtungini mwangu, akapaka maji chini ya sabuni, akairudisha pale pale. Sabuni ikateleza ikaniangukia mguuni.

"Kwa hiyo ngazi za jumbe zinatusukuma bondeni."

"Kidogo, ndiyo. Kinachowashika ni ule ukwaruzo, na maji yanauondoa."

"Na zingeinamia mlimani?"

"Zingewasukuma kwenye mlima. Hata zikilowa."

"Mwambie jumbe."

"Nitamwambia," akasema, akakipangusa kile kibao kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

Hakumwambia. Jumbe alikuwa na binti, na mwalimu alikuwa amekwisha kutuma posa. Mimi sikujua. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikawaambia wenzangu msumari umepinda, mwalimu amesema, utanyooshwa.

Kiangazi hicho hicho likumbi likafunguliwa, ndiyo kambi ya jando, na mwanangu wa pekee akaingia pamoja na wenzake. Asiyekuwa wa kwetu aelewe: mtoto akiwa likumbini, mama yake naye yumo, ingawa yuko nyumbani. Hali chumvi, hagombani na mtu, haachi moto wake uzimike, na mwanamume hamkaribii. Akivunja mwiko, kidonda cha mtoto hakiponi. Na wazee wa kijiji chetu walikuwa na alama yao ya kumjulia aliyevunja: chombo cha maji humvunjikia njiani. Mama wa namna hiyo, siku ya watoto kutoka, hasimami katika mstari wa mama. Mwanamke mwingine humpaka mwanawe mafuta na kumvika nguo mpya, na tangu siku hiyo huyo mwingine ndiye mama yake mbele ya watu. Aliyemzaa anabaki kama mtu aliyewahi kumpikia.

Mume wangu wakati huo alikuwa mkongeni, upande wa Lindi, hajarudi tangu msimu uliopita. Kwa hiyo mwanamke kama mimi akishutumiwa kuvunja mwiko, jina atakaloitwa linajulikana.

Siku niliyoanguka nilikuwa nimekaribia ukingoni. Mbele yangu alikuwa amepita mtu mwenye debe linalovuja. Niliweka mguu wa kushoto, nikaleta uzito, na mguu ukaondoka. Watu huniuliza kama nilijikwaa. Anayejikwaa huanguka mbele. Mimi nilisukumwa nje, nyayo zikatangulia, mtungi ukabaki hewani kidogo kama unafikiri, halafu ukaniangukia pembeni ukapasuka. Nilishuka vidato kwa mgongo na ubavu mpaka mzizi mmoja uliotokeza ukanipokea nyongani. Nilisikia mlio. Si wa mtungi.

Wanawake walinifunga kwa kanga kwenye mti wa kubebea, wakanipandisha huku wao wenyewe wakiserereka. Juu ukingoni alikuwa amesimama jumbe na filimbi yake.

"Mtungi umevunjika?" akauliza.

"Mwanangu amevunjika," mama akamjibu.

"Nimeuliza mtungi."

"Umevunjika."

"Huyu si ana mtoto likumbini?"

Maumivu yalikuwa yananizima, lakini hilo nililisikia vizuri sana, na nikaona anakokwenda kabla hajafika. Kama ngazi zina kosa, mwenye kosa ni yeye. Kama mimi nina kosa, ngazi ni nzuri, na Bwana Shauri alisema kweli.

Baraza lilikaa nyumbani kwake. Nililetwa nikalazwa kwenye mkeka, nyonga imefungwa vijiti na mganga wa mifupa. Alikuwepo ngaliba, walikuwepo wazee, alikuwepo kaka yangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye mtoto, maana mjomba ndiye mzazi wa ukoo. Alikuwepo na mwalimu, kola yake nyeupe.

Jumbe alizungumza kwa upole. Mtu mbaya akiwa mpole jifunike.

"Ngazi hizi wanapita wanawake wote. Mvua hakuna. Bwana Shauri amepita, hakuteleza. Kwa nini aanguke mmoja, naye ni mama mwenye mtoto likumbini, na mume hayupo? Mimi simshutumu. Nauliza tu, alikuwa na nani?"

"Nilikuwa na mtungi," nikasema. "Na udongo uliolowa, na kidato kilichoinama. Mwalimu anajua. Alinionyesha kwa sabuni. Mwalimu, waambie ardhi inasukuma upande gani."

Watu wakamgeukia. Niliona mdomo wake unafunguka, nikaona macho yake yanakwenda mlangoni, alikosimama binti wa jumbe na sinia la kahawa. Mdomo ukafunga, ukafunguka tena.

"Wazee," akasema, "mambo ya ngazi na mambo ya mila ni vitu viwili mbalimbali. Mimi ni mgeni hapa. Mila yenu naiheshimu."

Nimewahi kuwasikia waongo wengi. Mwongo huwa ana kazi, anatunga. Yule hakutunga hata kitu. Alichukua kweli aliyokuwa nayo mfukoni akaikalia, kisha akapokea kikombe chake cha kahawa. Baadaye alimuoa yule binti, akapandishwa cheo, akahamishiwa kwao Masasi, na nasikia alisomesha watoto wengi hesabu. Waliopita mikononi mwake nawasalimu.

Kaka yangu naye akainama sikioni kwangu. "Kiri tu, yaishe," akasema. "Toa kuku, dawa itafanywa, utasimama mstarini. Neno tu."

"Nikiri nini?"

"Chochote. Taja mtu aliyekwisha kufa."

"Na mwanangu nitamwambia nini akikua?"

"Mwanao atakuwa na mama. Si ndilo unalolitaka?"

Kaka yangu aliwahi kunibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa ananuka tumbaku ile ile. Nilimwambia aondoe kichwa chake hapo, nisije nikakitemea mate, na mama mwenye mtoto likumbini hagombani na mtu. Alikuwa ameahidiwa unyapara wa msaragambo. Akaupata. Hakudumu nao hata hadi mvua za pili, maana jumbe huwa hawaweki sana watu walionunuliwa rahisi.

Ikaamuliwa nisisimame. Mwanangu atapakwa mafuta na mke mkubwa wa jumbe. Uone utamu wa hukumu: nyumba iliyonivunja ndiyo itakayomchukua.

Nikalala ndani. Mama akawa anashuka bondeni badala yangu, kwa umri ule, akikaa chini kila kidato kama mtoto anayejifunza, debe dogo mapajani. Wenzangu walimjazia mtungi jikoni walipoweza. Wengine waliacha kupita mlangoni kwangu, hasa wale waliokuwa wakicheka nami njiani. Kutoka likumbini habari zilikuja kupitia ngaliba kwamba watoto wote vidonda vinakauka vizuri, wa kwangu akitangulia. Nilidhani hilo litasema kitu. Jumbe akasema dawa ya likumbi mwaka huu ni kali sana.

Kisha siku moja mama akarudi mapema, debe tupu, anacheka mpaka anashika mlango.

"Ameanguka," akasema.

"Nani?"

"Mke mdogo. Pale pale chini ya ukingo. Mtungi umekwenda vipande vipande, mguu umevimba kama boga. Na mtoto wake yumo likumbini na wako."

Mke mdogo wa jumbe alikuwa kijana bado, mkimya, aliyeolewa akiwa na mtoto mmoja wa ndoa ya kwanza. Hakuwahi kunitendea baya wala jema. Lakini kwa sheria ya mumewe alikuwa sasa amelala na mtu. Na mumewe yupo. Kwa hiyo ama ana hawara ndani ya uzio wa jumbe, ama jumbe mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuuheshimu mwiko wa likumbi. Chagua.

Jumbe hakuitisha baraza. Alipiga filimbi, akaitisha majembe. Siku hiyo hiyo njia ikafungwa, na kesho yake nikalala nasikiliza wanaume wanachonga upya. Waliomwona mke mdogo akianguka waliambiwa hawakuona kitu. Mama alisimama ukingoni akatazama, hakuna aliyethubutu kumfukuza. Vidato vilikuwa vinainamishwa kwa ndani. Kuelekea mlima.

Jioni ile jumbe alikuja kwangu mwenyewe, bila koti, akabisha hodi. Mama akamwambia karibu kwa sauti ya kumwambia toka.

"Umeshindaje na mguu?" akaniuliza.

"Nashinda nao tu. Hauondoki."

Akakaa kwenye kigoda, akatazama chini. "Nimefikiri. Ulikuwa uamuzi wa haraka. Siku ya kutoka utasimama mstarini, mtoto wako utampaka mwenyewe. Kuku sitaki."

"Na utasema nini mbele ya watu?"

"Sitasema kitu."

"Sema ni ngazi."

"Bwana Shauri alizisifu ngazi. Nikisema ni ngazi nimemfanya mwongo."

"Mimi umenifanya nini?"

Mama akaingilia.

"Ukimnyima neno lako, na sisi tuna letu. Kijiji kizima kitasikia leo habari za mke mdogo."

Jumbe akainua uso, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Nakiri nilikula hofu ile kama chakula. Mama ananitazama, anangoja niseme ndiyo. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na yule mke mdogo angelazwa mkekani nilipolazwa mimi, angeulizwa alikuwa na nani, na jumbe angekuwa kichekesho kutoka Newala mpaka Nanganga.

Lakini nililala miezi na jambo hili, nalijua pande zake. Nikisema mke mdogo amevunja mwiko kwa kuwa mtungi wake umevunjika, basi nimesema kwamba mtungi ukivunjika mwanamke ana hatia. Nimesaini hukumu yangu kwa mdomo wangu. Yeye hana hatia kwa sababu ile ile inayonifanya mimi nisiwe nayo. Ardhi ilitusukuma wote wawili upande mmoja. Si huruma, mtu asije akanipamba. Ni hesabu.

"Mama, muache," nikasema. "Jumbe, nitasimama. Sasa toka, maana umekaa kwenye kigoda cha mwanangu."

Akatoka. Shukrani hakutoa. Nilikuwa sizitaki, lakini nilitazama kama atatoa.

Siku ya kutoka nilipelekwa na mama na jirani mmoja, fimbo mkononi. Nikasimama mstarini, mwisho kabisa, na kando yangu alikuwa mke mdogo, mguu mmoja kaushika juu kama kuku wa mvua. Hatukutazamana. Jumbe akahutubia. Akasema kijiji sasa kina ngazi zilizoboreshwa, kwa fikra za uongozi. Watu wakapiga vigelegele kwa watoto wao naye akadhani ni vyake.

Watoto wakaja wamefunikwa nguo, vichwa chini. Wa kwangu nilimjua kwa magoti. Nikampaka mafuta kichwani, nikamvika shati. Ilitakiwa asiseme neno mpaka tufike nyumbani. Hakusema. Alitazama fimbo yangu, akatazama mguu, akageuza macho upande mwingine haraka, na mzazi anaijua ile haraka.

Nyumbani akanisalimu shikamoo akiwa amesimama uani, mbali, kama anavyosalimiwa mgeni wa mjomba. Marahaba, nikasema. Nikamwuliza kama mguu wangu unamtisha.

"Hapana."

"Kule mliambiwa nini?"

Akachezea kifungo cha shati. "Waliimba," akasema. "Wakubwa walikuwa wanaimba. Kuhusu mama fulani aliyemwaga maji."

Hapo ndipo nilipojua jumbe ameniuzia kitu alichokuwa amekwisha kukiharibu. Mtoto wangu amerudi, na wimbo umekuja naye.

"Chukua kibuyu hicho cha maji," nikamwambia. "Tunashuka."

"Mama, mguu?"

"Tunashuka."

Tulishuka polepole mno, mimi na fimbo, yeye mbele. Vidato vipya vilikuwa vinanipokea vizuri, siwezi kusema uongo, mguu mbovu na wenyewe ulikaa. Ila jumbe alikuwa jumbe hata katika kutengeneza. Alichonga upya mpaka pale mkewe alipofikia kuporomoka, na hapo majembe yakasimama. Chini ya hapo vidato vilikuwa vile vile vya kwanza, vimeinama bondeni, vimekauka kwa kuwa njia ilikuwa imefungwa mpaka sherehe ipite.

"Simama kwenye hicho," nikamwambia mwanangu. Akasimama. Miguu tupu, imara, kifua mbele, mwanamume mpya wa likumbi.

"Unasikiaje?"

"Sawa tu."

Nikamwagia maji ya kibuyu nyayoni. Nikamwambia ainue mguu mmoja kama anayepanda na mzigo. Akainua, na ule uliobaki ukaondoka. Nilikuwa nimeshaweka chini kibuyu na fimbo, mkono mmoja nimemshika yeye, wa pili nimeshika kichaka, akaning'inia akitapatapa mpaka akapata kidato kizuri cha juu. Alikuwa anahema.

"Ulivunja mwiko gani?" nikamwuliza.

Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kidato kile kilichomtupa, akakigeuza hivi na hivi, akifuata mwinamo kwa vidole. Kisha akaweka kiganja kwenye kidato kilichochongwa upya, akafanya vile vile. Sikumwambia habari za msumari wala za sabuni. Hakuniomba msamaha, na alikuwa hana la kuombea.

"Twende juu," akasema mwishowe. "Wewe tangulia, mama. Mimi nikae chini yako."